Si Binti Mkamilifu: Mapenzi, Uhamiaji na Lugha katika Riwaya ya Vijana

1. Utangulizi

Katika idara zetu za Kiswahili pana desturi, isiyoandikwa katika mtaala wowote, ya kuyagawa maandishi ya kubuni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kazi zinazostahili kuhakikiwa. Fungu la pili ni la hadithi za mapenzi ambazo vijana huzisoma chini ya dawati, na ambazo mhadhiri huziita fasihi chapwa bila ya kuzifungua. Mimi nami nimelelewa katika mgawanyo huo, nikaufundisha kwa miaka michache, na sasa nauonea shaka.

Shaka hiyo ilianzia nyumbani, Bumula. Niliporudi kutoka masomoni ng'ambo nilikuwa na sanduku la vitabu vya nadharia, na ndani yake riwaya moja tu ya vijana: I Am Not Your Perfect Mexican Daughter ya Erika L. Sánchez, iliyochapishwa Marekani mwaka 2017. Jina hilo twaweza kulifasiri kuwa Mimi Si Binti Yenu Mkamilifu wa Kimeksiko. Binti wa kaka yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alivisogeza kando vitabu vya nadharia, akaichukua riwaya. Baada ya siku tatu aliirudisha kwa swali moja: "Senge, huyu mama yake mbona hakuulizwa yeye mwenyewe?"

Swali hilo sikuweza kulijibu papo hapo, na katika semina zote nilizohudhuria ng'ambo sikuwahi kusikia swali lililokigusa kitabu hicho mahali penye uchungu zaidi. Makala hii inakusudia mambo matatu. Kwanza, kuonyesha jinsi riwaya hii inavyoyatumia mapenzi ya ujanani kupimia tabaka na uhamiaji. Pili, kuilinganisha na kazi chache za Kiswahili zinazomweka kijana katika mtihani wa namna hiyo. Tatu, kuuliza Kiswahili kingeipokeaje riwaya hii iwapo ingefasiriwa, kwa kuwa hapo ndipo wanaisimu na wahakiki wanapokutana.

2. Kisa kwa muhtasari

Julia Reyes ni msichana wa miaka 15, mzaliwa wa Chicago, mtoto wa wazazi waliotoka kijiji cha Los Ojos katika jimbo la Chihuahua, Meksiko, wakavuka mpaka bila ya hati. Baba anafanya kazi katika kiwanda cha peremende. Mama anasafisha nyumba za watu. Dada yake Olga, ambaye wazazi walimwona kuwa binti asiye na doa, amekufa kwa kugongwa na lori. Julia, mwenye ulimi mkali na tamaa ya kuwa mwandishi, anabaki na kazi isiyowezekana ya kuijaza nafasi ya marehemu.

Katika chumba cha Olga Julia anagundua vitu vinavyoonyesha kwamba marehemu hakuwa yule aliyedhaniwa. Upelelezi wake unamfikisha kwenye siri: Olga alikuwa na uhusiano na mwanamume mwenye mke, na alikuwa mjamzito alipokufa. Wakati huohuo Julia anapendana na Connor, mvulana Mzungu wa familia ya kitajiri kutoka Evanston, aliyekutana naye katika duka la vitabu vilivyokwisha kutumika. Mzigo unapomzidi, Julia anajaribu kujiua. Anaokolewa, anatibiwa, kisha anapelekwa Los Ojos kwa bibi yake. Huko shangazi yake anamfunulia kwamba mama yake alinajisiwa na mtu aliyekuwa akiwavusha mpakani. Mwishoni Julia anasafiri kwenda New York kusoma chuo kikuu, akiwa na siri mbili: ya mama na ya dada.

Sánchez mwenyewe ni mtoto wa wahamiaji wa Kimeksiko aliyekulia Cicero, mji unaopakana na Chicago, na kabla ya riwaya alijulikana kuwa mshairi. Kitabu hiki kiliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani kwa upande wa fasihi ya vijana mwaka 2017. Tangu hapo kimewahi kupingwa katika shule kadhaa za nchi hiyo kwa sababu ya kusema wazi juu ya mwili na kifo. Kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili si geni. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa muda, na sasa hakuna mwanafunzi wa riwaya ya Kiswahili asiyeijua.

3. Mapenzi kama mtego

Tuanze na Rosa, kwani yeye ndiye dada mkubwa wa mabinti wote wasio wakamilifu katika riwaya yetu. Baba yake Zakaria anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukali huo haumkingi binti. Unamnyima ujuzi wa kujikinga. Anapofika chuoni, mbali na fimbo ya baba, hana silaha yoyote, na mwisho wake ni kujiua. Kezilahabi hakumlaumu Rosa peke yake. Aliyashtaki malezi. Hata hivyo katika madarasa yetu shtaka hilo limegeuzwa kuwa onyo. Mwanafunzi hufundishwa kuandika katika karatasi ya mtihani kwamba ujumbe wa riwaya ni kuwa wasichana wajihadhari. Mzazi anaondolewa kizimbani, binti anaachwa humo.

Tukiweka Rosa na Julia pamoja, tofauti inaonekana mara moja. Wote wawili wana wazazi wanaodhani kwamba kufungia ni kulinda. Wote wanafika ukingoni mwa kifo. Lakini Sánchez anamrudisha Julia kutoka ukingoni na kumlazimisha msomaji akae naye hospitalini, katika saa zile ambazo riwaya zetu aghalabu hazina kurasa zake, yaani saa za baada ya fedheha. Binti aliyejaribu kufa anakunywa dawa, anaulizwa maswali, anarudi mezani kwa wazazi wake, anakula. Hapana mahubiri. Kwa maoni yangu hili ni jambo la kifani kabla ya kuwa la kimaadili: riwaya inakataa kukitumia kifo cha msichana kama nukta ya mwisho ya sentensi yake.

Mapenzi ya Julia na Connor yamejengwa kwa namna hiyohiyo. Connor si laghai, wala si mkombozi. Ni kijana mwema asiyejua bei ya vitu. Julia anaona haya kumwonyesha nyumba yenye mende anamoishi, na anapofika kwao Evanston anaupima ukubwa wa nyumba kwa macho ya mtu ambaye mamaye hulipwa kuzisafisha nyumba za namna hiyo. Sánchez ametangulia kutuonyesha Julia akifuatana na mamaye kazini katika nyumba ya watu wenye mali, hivi kwamba tunapofika sebuleni kwa Connor tunajua nani hupiga sakafu deki na nani hupita juu yake. Mhakiki anayedai kwamba hadithi ya mapenzi haina habari ya matabaka na aisome sura hiyo tena. Habari ya matabaka imo ndani ya busu lenyewe, katika lile linalofichwa na msichana na lile ambalo mvulana hajui kwamba lafaa kuulizwa.

4. Kijana wa kwetu katika nchi ile

Yamkini msomaji atasema kwamba hayo ni ya Wameksiko. Basi tumtazame kijana wa kwetu. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma 1965 na kukulia Trans Nzoia, aliishi Marekani kwa miaka kadhaa. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ohio State na akafundisha Wisconsin-Madison kabla ya kurejea Kenya, ambako alifariki 2020. Hadithi yake fupi "Damu Nyeusi", iliyoupa jina mkusanyiko wa 2007 alioutayarisha pamoja na Said A. Mohamed, inamhusu Fikirini, Mwafrika anayesoma Marekani na kuchoshwa na ubaguzi wa rangi. Anapotokea Fiona, mwanamke Mmarekani mweusi, Fikirini anadhani amepata ndugu wa damu, na labda zaidi ya ndugu. Anafuata ukaribisho hadi nyumbani kwake, na huko ananyang'anywa mali yake.

Mkusanyiko huo ulisomwa kwa miaka kadhaa na watahiniwa wa shule za sekondari nchini Kenya, na hapa Bungoma wapo vijana wengi ambao picha yao ya kwanza ya Marekani kwa Kiswahili ilitoka kwa Fikirini. Hadithi ni kali na ina kejeli ya kweli: damu moja haileti udugu mahali ambapo umaskini umekwisha kuwagawa watu. Lakini katika fani, mapenzi yamerudi kuwa mtego. Fiona hana nyumba isipokuwa ile ya kunyang'anyia. Hatujui mama yake anafanya kazi gani, wala yeye analala akiwaza nini. Tunaijua Marekani kupitia jeraha la mgeni tu. Sánchez anafanya kinyume: anatuweka ndani ya nyumba ya wale ambao mgeni huwaogopa mtaani.

Sisemi kwamba Walibora hakuujua upande wa pili. Siku Njema, riwaya yake ya 1996, ni ushahidi kwamba aliujua vyema. Humo kijana Msanifu Kombo, aliyebandikwa jina la Kongowea Mswahili kwa umahiri wake wa lugha, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari hadi sehemu za Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Tuzitazame njia mbili hizi. Julia anatumwa kwenye kijiji cha wazazi kama adhabu na tiba, anakuta humo ukweli wa mama, kisha anaondoka aende mbali zaidi. Kongowea anaondoka kwa hiari kwenda kwenye ardhi ya baba, na lugha ndiyo hati yake ya kusafiria. Kwa Julia lugha ya wazazi ni mtihani anaohofia kuufeli. Kwa Kongowea lugha ndiyo sifa ya pekee ambayo umaskini haukuweza kumnyang'anya. Kijana wa Bumula yuko katikati ya hao wawili. Kiswahili kwake si lugha ya mamaye, wala si lugha ya ugenini. Huo ndio uhusiano unaostahili kuandikiwa riwaya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo bado inatungoja.

5. Swali la mama

Turudi kwenye swali la binti wa kaka yangu. Kwa nini mama hakuulizwa?

Siri kubwa ya riwaya, ile ya mpakani, haitoki kinywani mwa mwenye siri. Inasimuliwa na ndugu yake, mbali, katika nchi nyingine, na Julia anaamua kuinyamazia. Vilevile anaificha picha ya mimba ya Olga, ambayo wazazi hawajaiona. Kwa hiyo riwaya inayosifiwa kwa kuvunja kimya inamalizika juu ya kimya mara mbili. Nilipoisoma ng'ambo nilidhani huo ulikuwa ukomavu wa mhusika: Julia amejifunza kwamba si kila ukweli ni zawadi. Wenzangu katika semina walisema hivyo pia, nami niliandika hivyo katika insha yangu, nikapata alama nzuri.

Msomaji wangu wa Bumula aliona jambo jingine. Katika vijiji vya Bungoma, kama kwingineko Kenya, wako akina mama na akina dada waliokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Wakirudi, huulizwa walileta nini. Ni nadra kuulizwa waliona nini. Majirani hukisia, jamaa hunong'ona, na hadithi ya mwanamke huzunguka kijiji kizima pasipo kupita kwake mwenyewe. Binti aliyelelewa katika minong'ono hiyo aliposoma habari ya shangazi anayeifunua siri ya mama, hakuona ukomavu. Aliona desturi anayoijua.

Baada ya kuisoma tena kwa jicho lake, nakiri kwamba insha yangu ya zamani ilikosea. Mama wa Julia anapewa uchungu mkubwa kuliko wote katika kitabu, na nafasi ndogo kuliko wote ya kuusema. Uchungu wake unatumika kumkomaza bintiye. Je, hii ni kasoro ya mwandishi, au ni uaminifu wake kwa maisha? Naona ni yote mawili. Ni uaminifu, kwa sababu wanawake wengi wa hali yake hawajapata kusema. Ni kasoro, kwa sababu riwaya ina uwezo ambao maisha hayana: ingeweza kumpa hata ukurasa mmoja, naye akautumia apendavyo, hata kwa kukataa.

6. Lugha na swali la tafsiri

Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza kilichopenywa na Kihispania. Wazazi ni Amá na Apá. Majina ya vyakula na ya jamaa hubaki katika lugha ya nyumbani. Mfasiri wa Kiswahili angefanya nini?

Njia ya kwanza ni kusawazisha: Amá awe Mama, Apá awe Baba, na kila neno la Kihispania lipate lenzake katika Kiswahili sanifu. Matokeo yake yatakuwa nyumba yenye lugha moja, ilhali kisa kizima kinategemea lugha mbili. Njia ya pili ni kuhamisha: Kiingereza kiwe Kiswahili, na Kihispania kiwe Lubukusu. Amá angekuwa mayi, bibi wa Los Ojos angekuwa kukhu. Njia hii inavutia, na nilipoijaribu darasani wanafunzi wa kwetu walicheka kwa furaha. Lakini inaiondoa Meksiko. Msichana wa Chicago anageuka kuwa msichana wa Kimaeti, na mpaka ule wenye walinzi na wavushaji unakosa mahali pa kukaa.

Napendekeza njia ya tatu, rahisi kuliko zote: maneno ya Kihispania yaachwe yalivyo. Msomaji wetu haitaji kushikwa mkono. Yeye mwenyewe kila siku husikia mayi na kukhu ndani ya sentensi za Kiswahili, na anajua kwamba neno la nyumbani likisimama katikati ya lugha nyingine halihitaji tafsiri, linahitaji sikio. Uzoefu huo wa lugha mbili, ambao mitihani yetu huuhesabu kuwa kosa, ungekuwa ndio ufunguo wake wa kitabu.

Tatizo kubwa zaidi ni ukali wa Julia. Msichana huyu ana dhihaka, ana hasira, anacheka pasipofaa. Kiswahili cha vitabu vya shule humpa binti wa umri wake sauti mbili tu: ya adabu na ya matusi. Sheng ingempa sauti ya tatu, ila ingemfanya mkazi wa Nairobi, na maneno yake yangechakaa kabla ya kitabu. Wala haifai kudhani kwamba lugha yetu haina hazina ya kutosha. Mipasho ya taarabu, ile sanaa ambayo mamaye Kongowea aliishi kwayo, imewafunza wanawake wa pwani kwa miaka mingi jinsi ya kumchoma mtu bila ya kutaja jina. Mfasiri angeweza kuazima makali yake bila ya kuazima mafumbo yake yote. Hapo wataalamu wa lugha wana la kufanya kuliko kuhesabu makosa ya sarufi katika hadithi za vijana.

7. Udhaifu wa riwaya

Isidhaniwe kwamba naisifu kazi hii bila ya kiasi. Mbali na suala la mama, upo udhaifu mwingine unaopasa kutajwa.

Sherehe ya miaka 15, ambayo kwa Wameksiko ni ya kumtoa msichana utotoni mbele ya jamii, inafanywa kwa Julia kwa kuchelewa, na kwa sababu Olga hakuipata. Julia anaiona kuwa gharama na unafiki. Ni haki yake. Hata hivyo mwandishi anakubaliana naye upesi mno. Hapa kwetu, ambapo kila mwaka usiogawanyika sawasawa na mbili hupita bila ya tohara na kila Agosti ya mwaka shufwa ngoma huwasindikiza wavulana, tunajua kwamba jando huwagharimu wazee, nalo huwapa vijana ukoo wa kuwasimamia. Msichana wa Kibukusu hana sherehe kama hiyo. Akisoma habari za Julia anayeichukia karamu yake, huenda akatamani angalau kupata nafasi ya kuichukia. Riwaya haikuifikiria hamu hiyo.

Tena, ushindi wa Julia ni kuondoka. Mama anabaki na ndoo, baba na kiwanda. Sisemi binti asisome. Mimi mwenyewe niliondoka, nikalipiwa na jasho la wengine. Lakini riwaya inapoufanya uwanja wa ndege kuwa mlango wa pekee, inamwambia kijana kwamba nyumbani ni mahali pa kutoroka tu. Siku Njema iliwahi kuufungua mlango mwingine, wa kijana anayesafiri ili afike kwao.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hadithi ya mapenzi ya ujanani yaweza kubeba uhamiaji, tabaka, lugha na kifo bila ya kuacha kuwa hadithi ya mapenzi. Tumeonyesha pia kwamba katika mifano yetu ya Kiswahili mapenzi ya kijana mara nyingi yamekuwa mtego, na kwamba ufundishaji wetu umezidisha jambo hilo kwa kugeuza kila kisa kuwa onyo.

Lililo muhimu zaidi ni hili. Kitabu kilichosomwa chini ya dawati kilimwezesha msichana wa kidato cha tatu kuuliza swali ambalo mwenye shahada ya uzamili hakuliuliza. Wiki ileile aliyonirudishia riwaya, alikaa jikoni na mama yake, aliyewahi kufanya kazi ughaibuni, akamwuliza aliona nini huko. Sikuwapo, wala sikuelezwa jibu, nami sikulidai. Nilielezwa tu kwamba walichelewa kulala.